Simu Ikimfanyia Mtoto Kazi ya Shule, Ni Nani Amesoma?

Somo la kujadiliana katika vikundi

Katika vikundi tunavyovitembelea, siku hizi mkutano hauishi bila jambo la simu kuingia. Zamani tulibishana juu ya mbegu, ng'ombe wa gredi na tangi la maji. Mambo hayo bado yapo. Lakini sasa kuna mama anayesema, "Mtoto wangu anataka simu kila jioni, ati ni ya homuwaki," na kuna baba anayejibu, "Simu ni ya M-Pesa, si ya mtoto." Mwingine amesikia habari za akili bandia, ile ambayo vijana huiita AI, na anauliza kama ni msaada ama ni wizi.

Mabishano haya si ya maneno matupu. Yanagusa pesa ya kikundi, maana kuna vikundi vinavyofikiria kununulia shule tabuleti. Yanagusa amani ya nyumba. Zaidi ya yote yanagusa mtoto, ambaye anaweza kumaliza shule akiwa na alama nzuri kwenye karatasi na kichwani hana kitu. Kwa hiyo tumetayarisha somo hili ili mlijadili pamoja na kufikia uamuzi wenu wenyewe.

LENGO LA SOMO

Mwisho wa somo, wanakikundi wataweza:
1. Kueleza kwa maneno yao akili bandia inafanya kazi namna gani.
2. Kupima hoja za wanaoitaka na za wanaoikataa.
3. Kukubaliana kanuni chache za nyumbani, na kuamua kama pesa ya kikundi inafaa kuingia hapo.

Muda: Saa mbili, ama mikutano miwili ya saa moja moja.

Vifaa: Ubao ama karatasi kubwa, chaki, na punje za mahindi za kupigia kura. Kama kuna mwanakikundi mwenye simu ya kisasa, ile ya kugusa kioo, aje nayo. Kama hakuna, somo linaendelea bila shida.

Kwa mwezeshaji: Usianze kwa kutoa hotuba. Wacha watu waseme. Hakikisha nyanya na vijana wanasikika sawa na wenye kazi ya mshahara.

HATUA YA 1: MCHEZO MFUPI (dakika 20)

Chagueni watu watano waigize. Si lazima washike maneno haya yote, wanaweza kuongeza yao.

Ni saa moja jioni. Mama anachagua maharagwe. Baba ameketi karibu na mlango, Nyanya yuko kando ya moto. Mtoto wa Gredi ya 8 anaingia na daftari.

MTOTO: Mama, nipatie simu kidogo. Mwalimu ametupatia insha.

MAMA: Insha ya nini tena? Jana ilikuwa picha za wanyama, nikatoa shilingi hamsini za saiba.

MTOTO: Ni juu ya mmomonyoko wa udongo. Nikiuliza simu itaandika yote, dakika moja tu.

BABA: Simu haina chaji, na ninangojea pesa ya maziwa. Na hiyo bando unayotumia, nani anailipa?

MTOTO: Baba, wenzangu wote wanafanya hivyo. Rafiki yangu alipata kumi na nane kwa ishirini, na hata hakuisoma.

NYANYA: Mjukuu wangu, huo udongo unaomomonyoka si uko hapo nyuma ya choo? Mvua ya juzi imeacha mizizi ya migomba ikionekana. Umeenda kuangalia?

MTOTO: Nyanya, mwalimu anataka kwa Kiingereza.

JIRANI: Hodi hapa!

MAMA: Karibu, dada. Ingia ndani.

JIRANI: Siketi. Nimekuja kuomba simu. Wangu naye ana insha hiyo hiyo, na simu yangu ni mulika mwizi.

Wote wananyamaza. Mchezo unaishia hapo.

Maswali:
- Mmeona nini katika mchezo huu?
- Je, mambo haya yanatokea hapa kwetu?
- Yule aliyepata kumi na nane kwa ishirini amejua nini juu ya udongo?
- Nyanya alikuwa anasema nini, na kwa nini mtoto hakumsikiliza?
- Mtoto wa jirani afanye nini?

Andikeni majibu ubaoni. Tutayarudia.

HATUA YA 2: TUKIJUE CHOMBO CHENYEWE (dakika 25)

Watu wengi huogopa kitu ama hukisifu kabla ya kukijua. Tufanye mchezo mwingine.

Mwezeshaji aseme, "Haraka haraka haina..." Bila shaka kikundi chote kitaitikia, "baraka!" Aseme tena, "Haba na haba hujaza..." Wataitikia, "kibaba!" Sasa awaulize: mmejuaje? Hakuna aliyefikiria sana. Ni kwa sababu mmesikia maneno hayo mara nyingi, mpaka neno la mwisho linajileta lenyewe.

Hivyo ndivyo akili bandia ya kuandika inavyofanya kazi. Mashine kubwa zimelishwa maandishi mengi mno, vitabu, magazeti na kurasa za intaneti, mpaka zikashika ni neno gani kwa kawaida hufuata jingine. Ukiuliza swali, mashine inapanga neno baada ya neno, ikichagua lile linaloelekea kufaa. Iliyojulikana zaidi ni ChatGPT, ambayo kampuni ya OpenAI ya Marekani iliitoa kwa watu wote mwezi wa Novemba 2022. Leo ziko nyingi, na nyingine zimeingizwa ndani ya simu na hata ndani ya WhatsApp.

Sasa mwezeshaji aseme, "Mvua za masika mwaka ujao zitaanza tarehe..." Amwombe mtu mmoja ajaze haraka, bila kufikiri. Atataja tarehe fulani. Je, anaijua? Hapana. Amejaza pengo tu. Mashine nayo hufanya hivyo. Isipojua, mara nyingi haisemi "sijui." Inajaza pengo kwa lugha tamu yenye uhakika, kama mtu aliyesoma sana. Inaweza kutaja kitabu ambacho hakikuandikwa na mtu yeyote, ama kukosea hesabu. Mtu mzima mwenye ujuzi atagundua. Mtoto anayejifunza hana namna ya kugundua, maana ndiyo kwanza anatafuta ujuzi huo.

Kuna jambo la pili. Mashine hujua zaidi kile ilichosoma zaidi. Maandishi ya Kiingereza kwenye intaneti ni mengi kupita kiasi. Ya Kiswahili ni machache kwa kulinganisha, na ya Kikamba, Dholuo, Kiluhya ama Kimeru ni machache zaidi. Kwa hiyo ukiiuliza kwa lugha ya nyumbani inaweza kukupa maneno yaliyochanganyika. Wako wanaojaribu kujaza upungufu huo. Kwa mfano, watafiti wa Chuo Kikuu cha Maseno, Chuo Kikuu cha Nairobi na Africa Nazarene University walikusanya maandishi na sauti za Kiswahili, Dholuo na Kiluhya katika mradi unaoitwa Kencorpus. Lakini kazi bado ni kubwa.

Na la tatu, tusidhani kwamba chombo hiki kilitoka mbinguni. Kimetengenezwa na watu, na baadhi yao ni vijana wetu. Januari 2023 jarida la TIME la Marekani liliandika habari za wafanyakazi wa Nairobi waliokuwa wakisoma maandishi machafu na ya kikatili siku nzima, ili mashine ifundishwe kuyaepuka. Walikuwa wakilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Mtoto akiipata simu imejibu kwa adabu, ajue kuna Mkenya aliyesoma uchafu ili adabu hiyo ipatikane.

Swali: Baada ya kusikia haya, mngeifananisha mashine hii na mtu wa aina gani kijijini? Msemaji hodari? Karani? Mganga anayejua jibu la kila kitu? Toeni sababu.

HATUA YA 3: HOJA ZINAZOBISHANIWA (dakika 40)

Gawanyikeni katika makundi madogo manne. Kila kundi lichukue hoja moja, liijadili, kisha litoe taarifa kwa wote.

Hoja ya kwanza: "Kila kitu kipya huogopwa. Hata kalkuleta ilikatazwa."

Ni kweli kwamba watu huogopa vipya. Leo mtihani wa hisabati wa KCSE wenyewe huruhusu kalkuleta isiyo na kelele, na hakuna anayesema ni wizi. Lakini tuangalie vizuri. Mtoto wa gredi za chini bado anafundishwa kujumlisha na kuzidisha kwa kichwa na kwa vidole. Kwanza anajua, halafu anapewa kalkuleta ya kumharakisha. Tena kalkuleta hufanya sehemu moja tu ya kazi: ukiipa hesabu mbaya itakupa jibu baya, kwa hiyo lazima ufikiri ni hesabu gani ya kufanya. Mashine ya kuandika inaweza kufanya kazi yote kuanzia juu hadi chini, mtoto asifikiri hata kidogo. Hapo ndipo tofauti ilipo.

Hoja ya pili: "Itawafanya watoto wavivu."

Jambo hili limepimwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania cha Marekani walijaribu na wanafunzi karibu 1,000 wa hisabati katika shule ya upili nchini Uturuki, na mwaka 2024 wakatoa matokeo. Kundi moja lilifanya mazoezi kwa kutumia mashine ya kawaida inayotoa majibu. Katika mazoezi, hao waliwashinda wenzao wasio na mashine kwa asilimia 48. Wazazi wangeshangilia. Lakini mashine ilipoondolewa na mtihani ukaja, walianguka chini ya wale ambao hawakuwa nayo kabisa, kwa asilimia 17. Na wao wenyewe hawakutambua kwamba wamejifunza kidogo.

Kulikuwa na kundi jingine. Hao walipewa mashine iliyopangwa na walimu isitoe jibu, bali itoe dokezo tu, kama mwalimu anayesema, "Hebu jaribu hatua hii kwanza." Katika mazoezi walifanya vizuri zaidi ya wote, na katika mtihani hawakuanguka.

Karibu na kwetu, mwaka 2024 Benki ya Dunia ilisaidia jaribio katika mji wa Benin City, Jimbo la Edo, nchini Nigeria. Kwa wiki sita wanafunzi wa sekondari walikaa baada ya masomo na kujifunza Kiingereza kwa akili bandia, walimu wakiwa pamoja nao chumbani na kuwaongoza. Walipopimwa, walikuwa mbele ya wenzao ambao hawakushiriki, na waliohudhuria siku nyingi walifaidika zaidi.

Basi tunajifunza nini? Chombo ni kile kile. Tofauti ni kama kinatoa jibu ama kinamsaidia mtoto kulitafuta, na kama yuko mtu mzima karibu.

Hoja ya tatu: "Tuchange tununue tabuleti, shule yetu iendelee."

Tukumbuke historia yetu. Katika kampeni za mwaka 2013 watoto wa darasa la kwanza waliahidiwa vipakatalishi. Mpango ukaanza mwaka 2016, na mwishowe zikawa tabuleti. Vifaa zaidi ya milioni 1 vilipelekwa katika shule za msingi za umma zaidi ya 20,000. Hiyo ilikuwa kazi kubwa, na ilileta umeme katika shule nyingi ambazo hazikuwa nao. Lakini sote tunajua shule ambazo vifaa hivyo vilifungiwa stoo kwa kuogopa wezi, ama viliharibika pakakosekana fundi, ama walimu hawakupata mafunzo ya kutosha.

Hatukuwa peke yetu. Nchi ya Peru huko Amerika Kusini iligawa kompyuta ndogo kwa watoto wengi sana. Mwaka 2012 watafiti waliochunguza shule 319 za vijijini walisema kwamba watoto walijua kuzitumia, lakini alama zao za hisabati na lugha hazikupanda.

Kwa hiyo kifaa peke yake hakifundishi. Jembe jipya bila mbegu, bila mvua na bila mkulima halileti mahindi.

Hoja ya nne: "Wenye simu watatangulia, wasio nayo watabaki."

Hapa tuseme ukweli. Mwezi wa Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya corona, na wanafunzi wengi hawakurudi mpaka Januari 2021. Masomo yalitolewa kwa redio, televisheni na intaneti. Aliyekuwa na redio alisikiliza kidogo. Aliyekuwa na intaneti alisoma zaidi. Aliyekosa vyote alichunga mbuzi. Yule jirani katika mchezo wetu yuko kila kijiji.

Lakini msidhani mwenye simu anafaidika wakati wote. Kuna utafiti uliofanywa hapa Kenya na wafanyabiashara wadogo 640, waliopewa mshauri wa akili bandia kupitia WhatsApp. Matokeo yalitolewa mwaka 2023. Wale ambao biashara zao zilikuwa zinaenda vizuri walipanda kwa karibu asilimia 15. Wale waliokuwa na shida walishuka kwa karibu asilimia 8. Ushauri ulikuwa wa mashine ile ile. Aliyejua kuchagua lipi la kufuata alisonga mbele, na aliyekuwa na shida hakupata nafuu. Ndivyo inavyoweza kuwa darasani pia: anayejua kusoma vizuri anaongezewa, anayeyumba anaweza kuyumba zaidi. Kwa hiyo msingi wa kusoma, kuandika na kuhesabu hauwezi kurukwa.

JAMBO LA KUANGALIA: MTOTO KUSHTAKIWA BURE

Walimu wengine hutumia programu zinazodai kutambua kama insha imeandikwa na mashine. Wazazi wajue kwamba programu hizo hukosea. OpenAI wenyewe walikuwa na yao, wakaiondoa Julai 2023 kwa kuwa haikuwa sahihi vya kutosha. Mwaka huo huo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizipima programu saba kwa insha za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilitajwa kuwa za mashine, na zilikuwa zimeandikwa na watu. Watoto wetu wengi Kiingereza ni lugha yao ya pili ama ya tatu. Mtoto wako akishtakiwa, usimpige kwanza. Mwendee mwalimu kwa heshima, umwombe amkalishe mtoto aeleze insha yake kwa mdomo. Aliyeandika ataeleza.

JAMBO LINGINE: PICHA NA SIRI ZA WATOTO

Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Habari za mtoto, pamoja na picha yake, hazitakiwi kutumiwa bila idhini ya mzazi ama mlezi. Septemba 2023 shule moja ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni 4.5 kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila idhini hiyo. Wafundisheni watoto wasiiandikie mashine jina lao kamili, shule yao, picha zao wala siri za nyumbani. Yanayoandikwa humo huenda mbali. Tena, UNESCO katika mwongozo wake wa Septemba 2023 ilishauri kwamba mtoto aliye chini ya miaka 13 asitumie akili bandia ya namna hii darasani. Masharti ya ChatGPT yenyewe yanasema miaka 13 kwenda juu, na aliye chini ya 18 awe na ruhusa ya mzazi.

HATUA YA 4: TUPIGE HESABU (dakika 20)

Kabla kikundi hakijachanga, hesabu ifanywe ubaoni mbele ya wote. Huu ni mfano tu. Tumieni bei za soko lenu.

Tuseme wanachama ni 20, kila mmoja akitoa shilingi 50 kwa wiki. Kwa wiki moja ni shilingi 1,000, na kwa wiki 10 ni shilingi 10,000. Tuseme hizo zinatosha simu moja ya kisasa. Je, gharama imeisha? Haijaisha.

- Bando: shilingi 20 kwa siku, siku 5 kwa wiki, muhula wa wiki 13, ni shilingi 1,300.
- Kuchaji dukani: shilingi 20, mara 3 kwa wiki, wiki 13, ni shilingi 780.
- Jumla kwa muhula: shilingi 2,080. Hapo kioo hakijavunjika.

Sasa andikeni kando yake: pesa hiyo hiyo ingenunua vitabu vingapi vya hadithi? Taa ngapi za sola za kusomea usiku? Ingemlipa kijana aliyemaliza kidato cha nne nauli na chai kwa Jumamosi ngapi, awasaidie watoto kusoma?

Hatusemi msinunue. Tunasema mjue mnaacha nini mkichukua nini. Na mkinunua, kifaa kiwe cha wote. Vikundi vinaweza kukiweka mahali pamoja, kwa mfano kwenye jengo la kanisa ama shuleni, na kukitumia Jumamosi chini ya uangalizi wa mtu mzima, watoto wawili wawili. Hapo hata mtoto wa mwenye mulika mwizi anapata. Chagueni mtu wa kutunza daftari: nani ametumia, saa ngapi, kwa kazi gani. Bila daftari, baada ya mwezi simu itakuwa ya mwenyekiti.

Pigeni kura kwa punje za mahindi: vitabu, taa, kijana wa kufundisha, ama simu ya kikundi.

HATUA YA 5: KANUNI ZA NYUMBANI (dakika 15)

Wazazi wengi hutuambia, "Mimi sikusoma sana, nitamwangalia mtoto namna gani?" Tunawajibu kwamba huhitaji kujua kutumia simu ndipo ujue kama mtoto amejifunza. Tunapendekeza kanuni hizi tano. Ongezeni zenu.

1. Ajaribu kwanza. Mtoto aandike chochote anachojua kwenye daftari kabla ya kushika simu, hata kama ni mistari mitano.

2. Aombe dokezo, asiombe jibu. Badala ya kuandika, "Niandikie insha," aandike, "Nimekwama hapa, niulize swali la kunisaidia kufikiri."

3. Aulize watu pia. Nyanya wa mchezo wetu alikuwa na somo zima la udongo nyuma ya choo. Hakuna mashine inayojua mto wenu ulipita wapi kabla ya daraja kujengwa, ama mteremko upi ulikuwa na msitu. Hayo yako kwa wazee, na mtoto akiyaweka katika insha yake, mwalimu atajua ni kazi yake.

4. Ahakikishe. Jambo lolote lililotoka kwenye simu alitafute kwenye kitabu, ama amuulize mwalimu, kabla ya kuliandika.

5. Aeleze kwa lugha ya nyumbani. Hii ndiyo kubwa. Simu ilale kifudifudi mezani, daftari lifungwe, na mtoto akueleze kwa lugha mnayoongea nyumbani: "Mama, udongo humomonyoka kwa sababu hii na hii, na tunaweza kuuzuia hivi." Muulize, "Kwa nini?" mara tatu. Akieleza ukaelewa, amesoma. Akianza kuguguna na kutafuta simu, hajasoma, hata kama insha ni nzuri namna gani. Mzazi asiyejua herufi moja anaweza kufanya mtihani huu, tena vizuri kuliko programu zile zinazotafuta wizi.

KURUDIA SOMO

Rudini kwenye majibu mliyoandika katika Hatua ya 1. Je, kuna mliyobadilisha mawazo? Kisha kila mtu ajibu:
- Ni jambo gani jipya nimejifunza leo?
- Nyumbani kwangu nitabadilisha nini wiki hii?
- Kwa mtoto wa jirani asiye na simu, sisi kama kikundi tutafanya nini?

KAZI KABLA YA MKUTANO UJAO

Kila mzazi amketishe mtoto mmoja, wake ama wa jirani, na kufanya ule mtihani wa kueleza kwa mdomo. Msimkaripie akishindwa. Mje mseme mliyoyaona.

Watu wawili waende kwa mwalimu mkuu wakaulize mambo matatu: shule ina kanuni gani juu ya simu na akili bandia? Zile tabuleti za serikali, kama shule ilipata, ziko wapi na zina hali gani? Na kazi za nyumbani zinazohitaji simu ama saiba, je, zinaweza kupangwa ili hata asiye nayo aweze kuzifanya? Waende kwa upole. Walimu wengi wana shida hizo hizo, na watafurahi kuona wazazi wanauliza.

Tuandikieni mtuambie mlivyoamua na jinsi kura ya mahindi ilivyokwenda. Barua zenu zinasaidia vikundi vingine. Mwenye kuuliza hakosi njia, na katika jambo hili jipya sote, wazee kwa vijana, bado tunauliza.